Kurosi, Shaba au Mabawa: Uchague Sanamu Ipi ya Kigiriki kwa Modi Yako

Hekalu la modi yako, yaani nyongeza unayoitengenezea mchezo wa kompyuta, limekwisha. Nguzo zimesimama, vigae vimekaa vizuri, ngazi tatu zimelizunguka pande zote. Mbele yake umeacha kitako kitupu cha marumaru, na hii ni wiki ya pili kitako hicho kinakusubiri. Kwenye folda yako ya picha kuna kijana wa Anavyssos na tabasamu lake, kuna Zeus wa Artemision aliyenyoosha mikono, kuna Nike wa Samothrace, mungu wa kike wa ushindi, na mabawa yake, na wote unawataka.

Nimekwama hapo mara nyingi nikitengeneza vitu vya 0 A.D., mchezo wa mkakati wa bure wa Wildfire Games ambao msimbo na sanaa yake viko wazi kwa kila mtu. Mifano yangu mingi itatoka huko kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini anayetengeneza modi ya mchezo mwingine wa aina hii atakutana na kamera ileile ya juu na swali lilelile. Nitayaweka makundi matatu kando kwa kando: sanamu za marumaru za enzi ya Akaiki, shaba za enzi ya Klasiki, na sanamu za enzi ya Kihelenisti. Yote matatu nimeyatengeneza na yote nayapenda. Kila moja lina mahali linapong'aa na mahali linapokuangusha.

## Vipimo kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni mwaka. 0 A.D. imejiwekea mipaka kati ya mwaka 500 na mwaka 1 KK. Ndani ya karne hizo tano uchongaji wa Wagiriki ulibadilika kiasi kwamba sanamu iliyo sahihi kwa Leonidas, mfalme wa Sparta wa mwanzoni mwa karne ya 5 KK, huwa kichekesho kwa Kleopatra, malkia wa Misri wa karne ya 1 KK, na kinyume chake.

Cha pili ni umbo la nje, na kwangu hiki ndicho kizito kuliko vyote. Mchezaji haitazami sanamu yako usoni. Anaitazama kutoka juu, kwa pembe, ikiwa na urefu wa kidole kwenye skrini, huku akihangaika na wapanda farasi wanaomchomea mashamba. Kinachomfikia ni mchoro wa nje tu. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, ukiwa Dar es Salaam pita Mtaa wa Samora uitazame Sanamu ya Askari ukiwa bado mbali. Hujaona uso, hujaona kifungo hata kimoja, lakini bunduki yenye singe imeelekezwa mbele na tayari umeshajua huyu ni nani na anafanya nini. Sanamu ya kwenye mchezo inabidi iseme kwa namna hiyo.

Cha tatu ni kazi na uzito: saa utakazotumia, na pembetatu, yaani vipande vidogo vinavyounda umbo la 3D, ambazo kompyuta ya mchezaji itabeba. Kwa sanamu ya kimo cha mtu mimi hujiwekea pembetatu 600 hadi 1,500. Ikiwa sanamu ndiyo jengo lenyewe, tuseme ni ile Ajabu ambayo mchezaji anaijenga mwishoni, naruhusu hadi 5,000. Cha nne ni malighafi na rangi. Cha tano ni mahali pake, kwa sababu sanamu ya Kigiriki ilikuwa na kazi: ilikuwa alama ya kaburi, sadaka kwa mungu, heshima kwa mshindi, au mungu mwenyewe ndani ya nyumba yake.

## Kundi la kwanza: kurosi na kore

Kurosi ni kijana wa kiume aliye uchi; kore ni msichana aliyevaa. Zilichongwa kwa marumaru kuanzia karne ya 7 KK hadi Waajemi walipoiteketeza Athens mwaka 480 KK.

Mwaka. Hapa ndipo wengi tunateleza. Mchezo unaanza mwaka 500 KK, wakati mtindo huu uko kwenye miongo yake ya mwisho. Hilo halikuzuii kuutumia, kwa sababu sanamu za zamani hazikuondoka siku mtindo ulipobadilika. Ziliendelea kusimama makaburini na kwenye viwanja vya mahekalu, kama msikiti wa mawe ya matumbawe unavyobaki katikati ya mji uliojengwa upya. Lakini Acropolis, kilima kitakatifu cha Athens, ni kesi ya pekee. Baada ya Waajemi kuivunjavunja, Waathens waliyafukia masalia ya sanamu hizo pale pale kilimani, na huko ndiko wachimbaji walikozikuta katika karne ya 19. Kwa hiyo ramani ya Acropolis ya zama za Perikles, kiongozi wa Athens wa katikati ya karne ya 5 KK, yenye kore nzima zilizopangwa mbele ya hekalu la Parthenon haiwezi kusimama.

Kinachoweza kusimama ni kitu kizuri zaidi. Mwanahistoria wa kale Thukidides anaeleza kwamba ukuta wa Athens ulijengwa haraka mno baada ya vita, watu wakitumia mawe ya kila aina hata nguzo za makaburi. Wanaakiolojia wamekuta kwenye ukuta huo vitako vya sanamu vilivyochongwa vizuri, vimepachikwa kama matofali. Hebu fikiria kipande cha ukuta cha modi yako chenye kitako cha kurosi kimelazwa ubavu katikati ya mawe. Ni pembetatu chache sana, na mchezaji anayeijua historia atasimamisha vita yake akitazame.

Umbo la nje. Mguu wa kushoto mbele, uzito kwenye miguu yote miwili, mikono imenyooka ubavuni, ngumi zimefungwa, mabega mapana. Kutoka juu hiyo ni nguzo. Ukiiweka moja mbele ya hekalu lenye nguzo itamezwa. Ukizipanga sita pande mbili za njia ya kuingilia patakatifu, zinaongea kwa pamoja, na hivyo ndivyo jicho la kamera ya juu linavyopenda: mpangilio wenye mapigo.

Kazi. Ndilo kundi rahisi kuliko yote, na sababu iko kwenye historia yenyewe. Wachongaji wa kwanza, waliojifunza mengi kwa Wamisri, walianza na jiwe la pande nne na kulishambulia kila upande. Fungua Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo ya 3D, anza na boksi, fanya hivyohivyo. Tengeneza nusu ya mwili, igeuze kama kioo upate nusu ya pili, kisha sogeza mguu wa kushoto mbele. Nywele za shanga ziachie tekscha, yaani picha inayofunika umbo. Pembetatu 600 zinatosha na zinabaki.

Rangi. Kore aitwaye Phrasikleia, aliyechimbuliwa Merenda mwaka 1972, bado ana rangi nyingi kwenye gauni lake jekundu lenye mapambo ya maua. Hakuna kundi lenye ushahidi wa rangi ulio wazi kiasi hiki.

Mahali. Makaburini kwanza. Kitako kinachohusishwa na kurosi wa Anavyssos, kijana aitwaye Kroisos, kina maandishi yanayomwomba mpita njia asimame amlilie aliyeuawa na Ares, mungu wa vita, mstari wa mbele vitani. Ukiiweka sanamu hii sokoni kama pambo, umeinyang'anya maneno yake.

Linamfaa anayeanza kujifunza, mtengeneza ramani anayehitaji vitu vingi vyepesi, na kwa namna ya pekee linamfaa anayeshughulikia Sparta. Karibu na mji huo, huko Amyklai, ilikuwepo sanamu ya kale ya mungu Apollo ambayo msafiri na mwandishi wa Kigiriki Pausanias aliiona katika karne ya 2 BK: nguzo ya shaba ya dhiraa 30 hivi, yenye uso, nyayo na mikono, helmeti kichwani, mkuki na upinde mkononi. Sijawahi kukutana na sanamu ya zamani iliyoumbwa kwa ajili ya pembetatu chache kama hiyo, na ni ya Wasparta wenyewe.

## Kundi la pili: shaba ya enzi ya Klasiki

Nasema shaba nikimaanisha shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Marumaru haikuachwa, lakini kuanzia 480 hadi kifo cha Aleksanda mwaka 323 KK wachongaji wakubwa wa sanamu za kusimama peke yake walipendelea shaba, na kupendelea huko kulibadilisha mwili wa sanamu.

Mwaka. Kama modi yako inahusu Waathens na Wasparta wa vita na Waajemi au vita vya wao kwa wao, hapa uko nyumbani. Wapanda gari la farasi, miungu, wanariadha, mashujaa wa mji: karne ya 5 KK ndiyo yao.

Umbo la nje. Sanamu ya shaba ni ganda. Ilimiminwa kwa nta inayoyeyuka na kuacha nafasi, ikatoka nyembamba na tupu ndani, na shaba haikatiki kirahisi kama jiwe. Ndiyo maana Zeus wa Artemision, aliyetolewa baharini kaskazini mwa kisiwa cha Evia katika miaka ya 1920, anaweza kusimama akiwa amenyoosha mikono yote miwili, mmoja ukilenga na mwingine ukiwa tayari kurusha. Ana kimo cha mita 2.09, na mikono yake imepanuka karibu sawa na kimo chake. (Wapo wanaosema ni Poseidon, silaha ya mkononi imepotea, kwa hiyo unaweza kumpa radi au mkuki wa meno matatu kulingana na hekalu lako.) Ukimtazama kutoka juu anaonekana kama herufi T iliyoegemea, na haiwezekani kumchanganya na nguzo, mti wala mtu.

Chaguo lingine ambalo watengeneza modi wengi hawalifikirii ni wauaji wa dhalimu, Harmodios na Aristogeiton, sanamu mbili za Kritios na Nesiotes zilizosimamishwa kwenye soko la Athens mwaka 477/476 KK baada ya Xerxes, mfalme wa Waajemi, kuondoka na zile za mwanzo. Watu wawili, panga mkononi, wamesonga mbele pamoja. Kwa umbo la nje sijaona kitu cha Kiathens kinachowashinda.

Kazi. Hapa inabidi nikae kidogo, maana ndipo nilipopoteza muda mwingi. Sanamu yangu ya kwanza ya kundi hili ilikuwa Doryphoros, mbeba mkuki wa Polykleitos. Niliifuata nakala iliyoko Naples kwa uaminifu wote: nyonga iliyoinama, goti lililolegea, na kile kisiki cha mti kilichoshikana na mguu wa kulia. Nikaipaka shaba, nikaiweka mbele ya uwanja wa mazoezi, na ilikaa hapo miezi kadhaa kabla sijajua nilichokifanya. Doryphoros wa kwanza alikuwa shaba na amepotea. Tulicho nacho ni nakala za marumaru za Kirumi, na marumaru haiwezi kubeba uzito wa mwili juu ya vifundo viwili vyembamba, kwa hiyo Warumi wakaongeza kisiki, na mara nyingine kijiti cha jiwe cha kuunganisha mkono na paja. Kisiki ni gongo la nakala. Nilikuwa nimemtengenezea mtu wa shaba gongo asilolihitaji.

Tangu siku hiyo nina kanuni: ukitengeneza shaba, ondoa kisiki, ukitengeneza nakala ya marumaru kwa ajili ya nyumba ya tajiri wa Kirumi, kiache. Kuondoa kisiki kunakupunguzia pembetatu, na kunaifanya sanamu ionekane nyepesi hata kwa mchezaji asiyejua sababu.

Ugumu wa kweli wa kundi hili ni mwili wenyewe. Uzito uko kwenye mguu mmoja, nyonga inapanda upande huo, bega linashuka kulikabili. Huwezi kugeuza nusu kama kioo ukamaliza. Mimi hutengeneza mwili ulionyooka kwanza, nauwekea mifupa, kisha naupinda na kuurekebisha kwa mkono. Tarajia mara tatu ya muda wa kurosi.

Rangi. Sahau kijani. Kijani unachokiona makumbushoni ni kutu ya karne nyingi. Shaba mpya ilikuwa na rangi ya ngozi iliyoota jua. Wapiganaji wawili wa Riace, waliopatikana baharini kusini mwa Italia mwaka 1972, wana midomo na chuchu za shaba nyekundu, na mmoja ana meno ya fedha. Tekscha ya kahawia yenye joto, mng'ao wa wastani, nukta nyekundu mdomoni: hapo umefika. Kijani kiache kwa magofu.

Mahali. Sokoni, mbele ya hekalu, kwenye njia za Delphi na Olympia. Ila kuna mtego mmoja. Sanamu ya mungu wa kike Athena, iitwayo Athena Parthenos, kazi ya mchongaji Phidias, aliyewekwa wakfu mwaka 438 KK, hakuwa wa shaba wala hakuwa nje. Alikuwa wa dhahabu na pembe za ndovu, akikaribia mita 12, na alikaa ndani ya Parthenon. Ukimtengeneza kwa uangalifu na kumweka mahali pake sahihi, paa litamfunika na hakuna mchezaji atakayemwona kamwe. Anayemtaka Athena chini ya anga amtengeneze yule mkubwa wa shaba aliyesimama wazi juu ya Acropolis, ambaye Pausanias anasema ncha ya mkuki wake na kishungi cha helmeti vilionekana na mabaharia waliokuwa wakitokea Sounion. Ukimpa kishungi kirefu na mkuki mrefu, umefuata shahidi wa zamani na kamera ya juu kwa wakati mmoja.

Linamfaa mwenye uzoefu wa wastani na saa za kutosha, ambaye modi yake iko karne ya 5 au ya 4 KK na anataka sanamu moja au mbili zinazokumbukwa.

## Kundi la tatu: enzi ya Kihelenisti

Mwaka. Baada ya 323 KK. Ni kundi la Waseleukia na Waptolemaio (falme za warithi wa Aleksanda huko Asia na Misri), Wamakedonia wa baadaye, na miji tajiri kama Rhodes na Pergamon. Kuliweka kwenye Athens ya Perikles ni kosa la karne mbili.

Umbo la nje. Hakuna linalolifikia. Nike wa Samothrace, kazi ya kama mwaka 190 KK, anatua juu ya omo ya meli, upepo umeibana nguo yake tumboni na kuitupa nyuma, mabawa yamefunguka. Katika skrini nzima yenye nyumba mia utamwona yeye kwanza. Hii ni nguvu, na ni hatari pia, kwa sababu sanamu inayovuta jicho kiasi hiki ikiwekwa kando ya kila jengo huuchosha mji. Moja kwa ramani inatosha.

Kazi. Mikunjo ya nguo ndiyo mlima. Usijaribu kuijenga yote kwa pembetatu. Jenga mawimbi makubwa matatu au manne, mengine yahamishie kwenye ramani ya normali, yaani picha inayoiga mabonde na vilima kwa mwanga bila pembetatu. Kuhusu mabawa nina habari njema: bawa la kulia unaloliona Louvre ni plasta, limetengenezwa kwa kugeuza lile la kushoto kama kioo. Warekebishaji wa karne ya 19 walifanya kile ambacho wewe unafanya kwa kubofya mara moja, kwa hiyo bofya bila wasiwasi. Kichwa na mikono havipo. Itabidi uamue kama unamtengeneza alivyo Paris leo au alivyokuwa kisiwani, na kwa mchezo unaotokea wakati yeye ni mpya mimi nampa kichwa.

Angalia pia eneo ambalo sanamu inazuia askari kupita kwenye mchezo, yaani kizuizi chake. Mabawa yanatoka nje ya kitako, na ukipanua kizuizi kiyafikie, askari watazunguka hewa tupu. Acha kizuizi kwenye kitako tu. Mtu akipita chini ya bawa ni sawa kabisa.

Rangi. Mwili ni marumaru nyeupe ya Paros, meli ni marumaru ya kijivu ya Rhodes. Tofauti hiyo ya mawe inakupa rangi mbili za asili hata kabla ya kupaka chochote.

Mahali. Juu, akiitazama bahari. Kwa Ajabu ya kujengwa mwishoni kuna Kolosi wa Rhodes, kazi ya Chares wa Lindos, kama mita 33, aliyekamilika karibu mwaka 280 KK na kuangushwa na tetemeko mwaka 226 KK. Tafadhali usimtanue miguu juu ya mlango wa bandari; picha hiyo ilibuniwa na watu walioishi karne nyingi baada yake, na meli za mchezo wako hazihitaji kupita kati ya miguu ya mtu. Kwa Waseleukia kuna Tyche wa Antiokia wa Eutychides: mwanamke ameketi juu ya mwamba, taji lake ni kuta za mji, na chini ya mguu wake mto Orontes anaogelea kama kijana. Ni sanamu ya mji ule hasa, na taji lile la kuta linasomeka vizuri kutoka juu.

Linamfaa mchongaji mwenye uzoefu, au kikundi kinachogawana kazi, kinachohitaji kitu kimoja cha kukumbukwa.

## Swali linalokata makundi yote: nyeupe au yenye rangi?

Wagiriki walipaka rangi sanamu zao za marumaru. Vinzenz Brinkmann na Ulrike Koch-Brinkmann wametumia miaka mingi wakichunguza mabaki hayo, na maonyesho yao yaliyoanza Munich mwaka 2003 yamewazoeza watu wengi kuona mpiga upinde wa Aegina akiwa na suruali ya mapambo ya rangi kali. Kwa anayejali ukweli wa enzi, rangi ndiyo jibu, na mimi niko upande huo.

Hata hivyo nyeupe ina hoja ambayo sikuielewa mpaka nilipocheza na sanamu zangu mwenyewe. Sanamu ya kimo cha mtu iliyopakwa vizuri, ikisimama karibu na ardhi, inafanana na askari. Rafiki aliyenisaidia kujaribu ramani alibofya kurosi yangu mara kadhaa akidhani ni mtu asiye na kazi. Nyeupe husema "jiwe" papo hapo. Kama unachagua rangi, ipandishe sanamu kwenye kitako kirefu na uikuze kidogo kuliko mtu. Mimi hutumia mara 1.3. Kosa la kubofya likaisha.

Na kuna zawadi ndogo. Katika 0 A.D. sehemu ya tekscha inayoachwa wazi kwenye mkondo wa alfa (data ya uwazi wa picha), kwa nyenzo inayoruhusu hivyo, huchukua rangi ya mchezaji. Usiiweke kwenye vazi zima. Iweke kwenye pindo, pale ambapo Wagiriki wenyewe walipaka mistari ya mapambo. Sanamu itajulikana ni ya nani bila kugeuka bendera.

## Kuchonga mwenyewe au kutumia skani?

Makumbusho kadhaa yametoa skani za 3D za nakala za plasta na za sanamu zenyewe. Skani inakupa uwiano wa mwili usio na shaka, na kwa Kihelenisti inakuokolea mikunjo yote. Inakuja na pembetatu laki kadhaa au milioni, kwa hiyo kazi yako inahamia kwenye kujenga wavu mwepesi juu yake. Inakuja pia na kila kilichovunjika, pamoja na kisiki. Kwa kurosi haikuokolei chochote. Utamaliza kuchonga kabla hujamaliza kusafisha.

Soma leseni kabla ya kupakua. Sanaa ya 0 A.D. iko chini ya CC BY-SA 3.0, inayoruhusu hata biashara mradi utaje mwandishi na utoe kwa masharti yaleyale. Skani yenye sharti la kutotumika kibiashara haiingii humo, hata kama wewe huuzi kitu. Ni afadhali kulijua hilo siku ya kwanza kuliko siku ya kutoa modi.

## Kulingana na hali yako

Ikiwa hii ni modeli yako ya kwanza ya mwili wa binadamu, anza na kurosi, ipeleke hadi ndani ya mchezo, uione imesimama. Utajifunza njia nzima, kutoka Blender hadi faili la mwigizaji (linalosema kitu kinaonekanaje) na kiolezo chake (kinachosema kinafanya nini), bila kupigana na nyonga iliyopinda.

Kama modi yako ni ya Athens ya karne ya 5 KK na una nafasi moja tu sokoni, wauaji wa dhalimu wanaeleza mji huo kuliko mungu yeyote. Ukiwa na kilima, mweke Athena wa shaba juu yake. Makaburi ya nje ya lango yape kurosi za zamani, zenye rangi iliyofifia. Mji wenye tabaka za miaka unapendeza kuliko mji uliozaliwa jana.

Wasparta, nimeshasema: Amyklai. Kwa Waseleukia ni Tyche. Ramani ya visiwa yenye meli inamwita Nike, mmoja, mahali pa juu.

Ukiwa na kompyuta dhaifu, au unajua wachezaji wako wanazo, gawanya bajeti mapema: sanamu moja nzito mahali pa heshima, zilizobaki kurosi nyepesi zinazotumia tekscha moja ya pamoja.

Na ikiwa bado umekwama kati ya mbili, usizitengeneze zote. Chora umbo la nje la kila moja kwa rangi nyeusi tupu, bila uso wala mikunjo, likate liwe bapa la pembetatu chache, ulisimamishe juu ya kitako chako ndani ya Atlas, kihariri cha ramani cha 0 A.D. Rudisha kamera hadi umbali unaochezea kweli. Zungusha. Weka askari ishirini pembeni. Ile ambayo bado unaitambua, hiyo ifungulie Blender.